Lenzi Isiyo na Kidirisha

Mji wa Kale, Mombasa
Baada ya alasiri

Rukia, mwanangu, mwenye jina la watu na ukaidi wa mamako,

Sikuulizi hujambo. Asubuhi nimekuona ukimaliza mahamri sita na bakuli la mbaazi, na mgonjwa hali vile. Sasa umekwenda kuwaaga watu wa Kibokoni, na najua hurudi upesi, maana kila nyumba itakukalisha, ikunyweshe chai, ikupe habari za kijana wao aliyeko Dar es Salaam ambaye ni lazima umtafute. Nami nimefunga mlango wa juu, nimezitandaza lenzi kitandani juu ya kanga, nimeshika kalamu. Usinichekee mwandiko. Niliacha shule darasa la sita, na siku ile mwalimu alimshukuru Mungu kuliko mimi. Lakini toka Vanga mpaka Lamu hakuna mwanamke aliyepiga picha maarusi wengi kama mamako. Kama yuko, na aje na albamu zake tuzipime kwa ratili.

Jana uliniuliza maswali mawili kwa mpigo mmoja. La kwanza: "Mama, mkoba waingia lenzi tatu tu, nawe unazo tano. Nichukue zipi?" La pili: "Na basi likifika Tanga, nishuke nikamwamkie somo yangu Bi Rukia?"

La kwanza nilikujibu mpaka chai ikapoa. La pili nikajitia sikulisikia. Uliniona. Wewe hukosi kuona, nilikufunza mwenyewe.

Barua hii ni jibu la swali la pili. Ila mamako, wamjua, hawezi kwenda mahali bila kupita kwa watu kuamkia. Basi nivumilie nipitie kwenye lenzi kwanza.

Chukua lenzi ya hamsini. Hii ndiyo iliyokuja na kamera, na ndiyo iliyonitoa kwenye ufagio. Nilikuwa nikifagia studio, hilo wajua, lakini sijapata kukwambia nilivyopanda cheo. Ilikuja familia kubwa ya hapa mjini wakamtaka tajiri wangu awapigie picha bi arusi siku ya kupambwa, amezungukwa na wanawake wenzake. Tajiri akakuna kichwa. Mwanamume haingii mle. Wanawake wamevua mabuibui, wamefunua nywele, wametia asumini; mwanamume akichungulia tu, arusi yageuka kesi. Akageuka akaniona nimeinama na ufagio.

"Wewe, waweza kubonyeza?"

"Tajiri," nikamwambia, "mimi naweza kubonyeza, kufagia na kuimba, vyote kwa mshahara huu huu."

Akanifunza siku mbili. Siku ya kwanza nilidhani kamera ile ni mbovu, kwa kuwa hutazami kupitia lenzi. Lenzi ina jicho lake, nawe una jicho lako, kidirisha kidogo cha pembeni, na ndani mwake kila kitu ni viwili, mtu na pacha wake. Wazungusha polepole mpaka wale wawili waingiane wawe mmoja, ndipo wabonyeza. Nikaipenda hapo hapo. Haina kelele. Nyingine zalia kama mlango wa choo. Hii yasema "tik" tu, kama mtu mwenye adabu. Wanawake walisahau kama nimo.

Na kuna jambo jingine lililonipa jina. Picha za rangi zapelekwa dukani kusafishwa, na dukani kuna wanaume. Za nyeusi na nyeupe nilizisafisha mwenyewe, chooni kwetu, taa nyekundu, blanketi mlangoni. Nyumba zenye heshima zao zikaanza kuniita mimi, wakijua nyuso za binti zao hazitapita mbele ya macho ya mtu. Waliniamini, mwanangu. Liweke neno hilo mahali, nitalihitaji mbele.

Chukua na thelathini na tano. Namba ikiwa ndogo lenzi yaona pana, na vyumba vya mji huu vilijengwa na watu waliokuwa hawataki kuonwa. Chumba chenyewe kama kabati, mna bi arusi, mna shangazi saba, mna jirani aliyekuja kuhesabu dhahabu. Kwa hamsini utapata shangazi watatu, na wanne waliobaki watakununia mpaka Idi.

Tisini ni ya nyuso. Wakaa pembeni ya chumba, wamvuta mtu bila yeye kujua, akiwa amesahau kujikaza. Ile picha ya bibi yako akicheka huku amefunika mdomo, ambayo kila mgeni huisifu, ni tisini. Angelijua napiga angelinirushia kiatu.

Hizo tatu, mkoba umejaa. Zimebaki mbili, na zote mbili nilizipata siku moja kule Mbaraki, kwa mpishi wa meli aliyekuwa akipunguza mizigo. Ndefu na fupi. Mia na thelathini na tano, na ishirini na nane.

Ile ndefu sikupi, ni ya kujionyesha tu. Kwa kamera yetu kidirisha chake ni kidogo mno kwa lenzi ya mbali namna ile. Wale pacha wawili waona wameingiana, kumbe wamesalimiana tu. Nilijua? Sikujua. Nilijua kwamba ni ndefu na kwamba nikiivaa shingoni napendeza. Mzee Katana, yule jirani yetu wa zamani aliyekuwa akifanya kazi bandarini, alipomwoza bintiye kanisani, akaniita nikapige picha nje, pale Buxton walipokuwa wakikaa. Mimi nikasimama ng'ambo ya barabara, mguu mbele mguu nyuma, kama mtu wa magazeti. Wapita njia wakanisifu. Nilipozisafisha, bwana na bibi arusi wametoka kama moshi wa ubani, na nyuma yao kichaka kimetoka jani kwa jani.

Mzee Katana akazitazama zote, moja moja, kwa heshima. Kisha akaniambia, "Mama Rukia, hiki kichaka kimetoka vizuri sana. Tuwekee nakala mbili, moja tukipe chenyewe."

Nikacheka naye, nikamrudishia pesa zake, nikawapiga tena bure wakiwa wamevaa upya nguo za arusi Jumapili ya pili, na mimi nimesimama karibu nao, kwa hamsini. Makosa mengine Mungu huyaleta yakiwa na dawa yake ndani. Hilo lilikuwa moja. Nimelikumbuka leo nikacheka peke yangu, watu wa chini watadhani nimepagawa.

Sasa nimefika kwenye ishirini na nane, na hapa kalamu imekuwa nzito.

Dirisha la kamera yetu lina mistari ya kukuonyesha mwisho wa picha: ya thelathini na tano, ya hamsini na ya tisini. Ya ishirini na nane haimo. Lenzi hiyo yachukua zaidi ya unavyoona, kwa hiyo yataka kidirisha chake cha kupachika juu. Yule mpishi akaniambia, "Kidirisha kilianguka majini, mama, ndiyo maana nakupa rahisi." Mimi nikamjibu, "Kwani mimi kipofu? Macho ninayo mawili." Na maneno hayo nikayarudia mji mzima. Kila arusi: mimi sihitaji kidirisha, mimi najua pembe za chumba kwa mgongo. Watu wakacheka, wakaamini, nami nikaamini kuliko wao.

Somo yako wamkumbuka. Wewe ulikuwa na miaka kumi na tatu alipohama, na kabla ya hapo ulikuwa ukila kwake kuliko kwangu, kwa sababu yeye wali wake ulikuwa wali na wangu ulikuwa uji. Tulicheza pamoja tukiwa wadogo, tukaolewa mwaka mmoja. Ulipozaliwa hata sikuuliza mtu jina. Yeye hakuzaa. Alimlea Salma, mtoto wa marehemu dadake, tangu hajaota meno.

Salma alipoposwa, mumewe Rukia alikuwa mzima. Arusi ilipokaribia, akafa. Basi Rukia akaingia eda, ndani, miezi minne na siku kumi, hana pambo, hana matembezi. Na bwana arusi alikuwa kazini Maskati, likizo yake yakwisha. Wazee wakakaa wakasema arusi iendelee, ifanywe kwa jirani, bila ngoma, na mwenye eda abaki kwake.

Nilikwenda kumwona asubuhi ya siku yenyewe. Amekaa juu ya mkeka, amevaa nyeupe tupu. Akanishika mkono akanambia, "Shoga, nipigie nyingi. Leo nitamwona kwa macho yako."

"Utamwona mpaka kisigino," nikamwambia. "Kwani nani anayepiga?"

Jioni Salma akatolewa, akakalishwa juu ya kiti, mikono ya hina magotini, macho chini. Sitamsifu, karatasi haitatosha. Chumba kilikuwa kidogo nami nimebanwa ukutani, nikatia ishirini na nane. Mwanga waingia dirisha la juu, hata taa ya kumulika sikuihitaji. Nikapiga. Nilipopiga nilijua nimeipata. Wewe nawe umeanza kuijua ile hali, vidole vyasema kabla ya macho.

Usiku wa pili yake nikazisafisha. Ile moja nikaitia karatasi yake katika dawa, nikatikisa sinia. Weusi hutangulia, wajua. Kwanza likatoka pazia la mlango wa nyuma, kule pembeni kabisa, mahali ambapo kwenye dirisha la kamera hapakuwapo. Kisha likatoka buibui. Kisha mkono ulioshika pazia. Kisha macho.

Alikuwa amekuja. Alipita kwa ngazi ya jikoni, akasimama nyuma ya pazia kwa muda wa kusoma Kul-huwallahu mara tatu, akamtazama mtoto wake, akarudi. Hakuna aliyemwona katika chumba kile. Wote walikuwa wakimtazama Salma.

Kwa miaka minane nimewaambia watu, na nimekwambia wewe, kwamba Bi Rukia alihamia Tanga kwa nduguze. Na waliojua kisa cha picha niliwaambia kwamba ni ile lenzi, haina kidirisha, imechukua pembe nisiyoiona. Maneno hayo ni kweli kwa nusu, na nusu ya kweli ndiyo chumba changu cha kujificha.

Nilimwona, mwanangu. Sikumwona chumbani, lakini kwenye sinia nilimwona, na mkasi wa kukatia karatasi ulikuwa mkononi. Upana wa vidole viwili tu. Ningeukata ule upande, Salma angebaki, picha ingekuwa nzuri. Lakini isingekuwa ile. Kilichoitia roho kilikuwa ule uso pembeni. Chumba kizima chamtazama bi arusi kwa furaha na kwa kijicho, na mtu mmoja nyuma ya pazia amtazama kama anayekunywa maji. Sijapata kupiga picha kama ile kabla yake wala baada yake. Nikajiambia: ni mdogo pale, nani atakayetazama pembe? Nikaitia katika albamu, mimi niliyeaminiwa. Nikaitia ukurasa wa kwanza.

Na wazijua albamu zetu zinavyotembea. Nyumba hii siku tatu, nyumba ile wiki, wanawake wamezunguka, mmoja afunua, wengine waweka vidole. Ilipofika kwa mawifi zake, dada wa marehemu, mimi nilikuwapo, nimealikwa nikasifiwe. Bi Zuhura, mkubwa wao, akavaa miwani.

"Mashallah, Salma. Mashallah, pambo. Na huyu wa pembeni ni nani?"

Mmoja akanyoosha mkono afunue ukurasa wa pili.

"Nauliza. Huyu si mke wa ndugu yangu? Ndugu yangu hajatimiza arubaini, mkewe yuko arusini?"

"Hakuingia, Bi Zuhura," mmoja akasema. "Amesimama mlangoni."

"Mlango ni wa nyumba ya nani? Wake?"

Kisha wakageuka wote wakanitazama mimi. Hapo ndipo ningesema. Ningesema: aibu ni yangu, yeye alikuja kumwona mtoto aliyemlea, na mimi ndiye niliyemweka hapa mnamwangalia. Nilichosema ni, "Lenzi hii yaona mpaka majini, Bi Zuhura! Shukuruni haikuwachukua na nyinyi mlipokuwa mkificha sambusa mikobani!" Wakacheka. Wote, isipokuwa Bi Zuhura. Wallahi nikafurahi kwamba wamecheka.

Nilikwenda kwa Rukia siku ya pili. Habari zilikuwa zimemfikia kabla yangu. Hakulia wala hakunifukuza. Alinitazama akaniuliza swali moja.

"Ulimwona yule mtu pembeni, kabla hujaitia albamuni?"

Yeye ajua nasafisha mwenyewe. Alikuwa akinishikia blanketi mlangoni.

"Ni lenzi, shoga," nikasema. "Haina kidirisha."

Akaitikia kwa kichwa, akaniuliza kama nitakunywa chai.

Eda ilipokwisha, wajua ilivyo desturi. Wanawake huja, mawifi na mashoga, wakamwogesha, wakamvika, wakamfukiza udi, wakamtoa. Mawifi hawakwenda. Walipokosa kwenda, wengine wakaogopa kutangulia. Na mimi? Mimi siku ile nilikuwa na arusi Mtwapa. Ndivyo nilivyosema. Hapakuwa na arusi Mtwapa. Nilikaa chumba hiki hiki, mlango umefungwa kama sasa, nikipangusa lenzi zilizokuwa safi. Rukia alijiogesha mwenyewe, akavaa, akatoka akasimama barazani kwake peke yake, watu wakipita. Mwezi haukwisha akafunga nyumba.

Sikuandikii haya ili unionee huruma. Mimi nina watu wengi wa kunionea huruma, nikipiga kelele tu watajaa. Wala sikupi onyo. Utakosea makosa yako, nayo yatakuwa mapya, wewe u hodari kuliko mimi. Nakwambia tu nilivyojigundua: kila nionapo aibu, hufanya mzaha, na mzaha wangu ni mzuri, ndio ubaya wake. Kama ungekuwa mbaya watu wangeniuliza tena.

Ishirini na nane nimeifunga kitambaa, itabaki. Haina kosa, maskini. Ukifika Dar ukapata kidirisha chake, nitakuletea.

Sasa Tanga. Tangu uliponiuliza nimefikiri nikupe mzigo umpelekee. Nilikwisha nunua halua. Nilikwisha chagua leso. Nikaanza na kijibarua cha salamu, mistari minne, mitamu kweli kweli, mstari wa tatu ungemchekesha mwenye maumivu ya jino. Nikakisoma, nikakichana. Nilikuwa nataka kumtuma binti wa miaka ishirini na moja, mwenye jina la yule mwanamke, asimame mlangoni kwake na uso mzuri, ili asiweze kukasirika. Hiyo ingekuwa picha ya pili.

Leo asubuhi nilipokwambia naenda Mwembe Tayari kutafuta ndizi, nilikwenda kukata tiketi. Kiti changu ki kando ya chako, mpaka Tanga. Utashuka nami ukitaka, umwamkie somo yako, kisha uendelee na safari yako siku ya pili, mtoto usichelewe kazini kwa dhambi za mama.

Nitabisha hodi mimi. Wewe simama nyuma. Akifungua nitamwambia: Rukia, nilikuona, nikaiacha. Basi. Sitataja lenzi. Sijapata maishani kusema maneno matatu nikanyamaza, kwa hiyo ukiniona nafungua mdomo kwa la nne, nivute buibui. Halafu nitangoja. Akifunga mlango, ni mlango wake. Mimi namwomba Mungu Rukia anitukane tu, anitukane kwa sauti, majirani watoke. Huku kwetu watu wasiotukanana tena ndio walioachana.

Lakini hilo nalo si la kuamua peke yangu. Wewe umelala njaa ya huyo mama miaka minane kwa sababu yangu, na huenda ukiisha kusoma haya utaona sistahili kufika mlango ule pamoja nawe. Utakuwa na haki, sitakuuliza.

Barua naiweka juu ya mkoba wako. Nguo zangu mbili nimezikunja, ziko kitandani. Ukirudi, usije ukanikumbatia wala ukanilaumu, vyote viwili vitanifanya niseme upuuzi. Ukiona bado nafaa, zitie katika sanduku lako. Ukiona sifai, ziache zilipo.

Mimi nitakuwa jikoni. Sitatazama.

Mamako